Mlinzi Aliyegeuka: Historia ya Komplementi katika Ugonjwa wa Miasthenia



Leo nataka tuzungumze historia, lakini si ya masultani wala ya Mrima. Ni historia ya kitu kilichomo katika damu ya kila mmoja wetu. Wataalamu wanakiita komplementi. Nataka tuitazame kazi yake katika ugonjwa mmoja wenye jina refu na wagonjwa wachache, ila ukimpata mtu humnyang'anya nguvu huku sura yake ikibaki ya mtu mzima wa afya: miasthenia gravisi. Nasema mapema kwamba mimi si daktari wa kutibu. Udaktari wangu ni wa vitabu, wa historia ya sayansi. Kwa hiyo asije mtu akaacha dawa zake, au akaanza nyingine, kwa sababu ya maneno yangu.

Hoja yangu ni hii. Dalili kwamba komplementi inahusika katika ugonjwa huu zilichapishwa mwaka 1960. Dawa ya kwanza ya kuizuia iliidhinishwa kwa wagonjwa hawa mwaka 2017. Baina yake kuna miaka 57, yaani mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa anakaribia kustaafu! Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba sayansi huenda polepole. Jibu hilo mimi naliona la uvivu. Sababu zilikuwepo, tena zinajulikana, na zina mafunzo kwetu sisi tulioko huku nje na kwa wenzetu walioko nyumbani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Miasthenia ni ugonjwa wa misuli kuchoka kwa kutumiwa. Mtu anaamka asubuhi vizuri. Kufika alasiri kope zimeshuka na anaona vitu viwili viwili. Akila nyama, taya zinachoka tonge likiwa bado mdomoni. Akisoma kwa sauti, baada ya kurasa mbili maneno yanatokea puani. Akipumzika nguvu zinarudi, na hapo ndipo penye balaa, maana watu wanadhani anajifanya. "Jana si ulibeba ndoo wewe?" Kwetu wapo watakaosema mvivu, wapo watakaosema amerogwa. Ulaya nako hawakuwa bora. Mwaka 1877 daktari Samuel Wilks wa London aliandika habari za msichana aliyedhaniwa kuwa na matatizo ya kihisia tu, mpaka akafa kwa kushindwa kupumua. Walipompasua hawakuona kasoro yoyote katika ubongo. Kabla yake, mwaka 1672, Thomas Willis alikwisha kueleza habari za mwanamke ambaye akizungumza kwa muda mrefu ulimi ulimgomea kabisa, kisha baada ya saa kadhaa sauti ikarudi. Wakafuata Wilhelm Erb wa Heidelberg mwaka 1879 na Samuel Goldflam wa Warsaw mwaka 1893. Mwaka 1895 Friedrich Jolly wa Berlin akausisimua msuli kwa umeme mara kwa mara, akaona jibu lake linazidi kufifia. Yeye ndiye aliyeupa ugonjwa jina tunalolitumia.

Kasoro iko wapi basi? Iko pale neva inapokutana na msuli. Neva haigusi msuli. Kuna mwanya mdogo sana. Amri ikifika, ncha ya neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo inavuka mwanya na kushikwa na vipokezi upande wa pili. Upande huo wa msuli si tambarare. Umekunjwakunjwa kama kitambaa cha marinda, na vipokezi vimejazana juu ya mikunjo. Ikumbukeni mikunjo hiyo, tutairudia.

Historia yetu ina nyuzi mbili. Uzi mmoja ni wa watu wa neva na misuli, wa pili ni wa watu wa damu. Kwa zaidi ya miaka 60 nyuzi hizi zilisokotwa mbalimbali, kila kundi na majarida yake na mikutano yake.

Uzi wa kwanza unapita Afrika. Katika nchi ya Calabar, Nigeria ya leo, Waefik walikuwa na haragwe waliloliita esere. Mtu akituhumiwa uchawi alilishwa haragwe hilo. Akitapika na kupona hana hatia, akifa basi alikuwa mchawi. Sisi wa Afrika Mashariki tunalo neno la jambo hili: mwavi. Wamisionari na madaktari wa Kiskochi walilipeleka haragwe Edinburgh. Profesa mmoja, Robert Christison, alilijaribu mwenyewe mwaka 1855, na nusura limmalize. Mwaka 1864 Wajerumani wakatoa ndani yake kemikali iitwayo fisostigmini. Mwaka 1935 mkemia Mmarekani mweusi, Percy Julian, akishirikiana na Josef Pikl, alifanikiwa kuitengeneza maabara kutoka mwanzo, wakati ambapo vyuo vingi vya kwao visingemwajiri kwa rangi yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1934, fisostigmini ilikuwa imefanya kazi ambayo wakuu hawakuitegemea. Katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, iliyotokana na makazi ya masikini, alikuwako daktari wa cheo cha chini, mwanamke, jina lake Mary Walker. Aliona kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na mtu aliyepigwa mshale wa kurare, ile sumu ya Amerika Kusini. Dawa iliyojulikana ya kurare ni fisostigmini. Akamchoma sindano mgonjwa wake, mwanamke wa miaka 56. Kope zilizokuwa zimeshuka zikanyanyuka, akameza, mikono ikapata nguvu, kwa muda wa saa chache. Barua yake ikatoka katika The Lancet Juni 1934. Sumu ya mwavi inazuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, kwa hiyo ujumbe unakaa muda mrefu zaidi mwanyani. Vidonge vya piridostigmini wanavyomeza wagonjwa mpaka leo, Muscat, London hata Dar es Salaam, ni wajukuu wa ugunduzi ule.

Ni dawa nzuri. Lakini angalieni inachofanya: inapaza sauti ya anayebisha hodi, haiutengenezi mlango uliovunjwa. Nani anauvunja mlango? Hilo Walker hakuwa na njia ya kulijua.

Uzi wa pili. Mwaka 1889 Hans Buchner, Mjerumani, alionyesha kwamba maji ya damu, yaani seramu, yana kitu kinachoua bakteria, na kwamba ukiyapasha moto nguvu hiyo inapotea. Akakiita aleksini. Miaka michache baadaye kijana wa Kibelgiji, Jules Bordet, akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, Paris, akaligawa jambo hilo mara mbili. Alichukua seramu ya mnyama aliyekwisha kuchanjwa dhidi ya kipindupindu, akaipasha moto mpaka ikashindwa kuua vijidudu. Kisha akaongeza seramu mbichi kidogo ya mnyama ambaye hakuchanjwa. Nguvu ikarudi! Maana yake vitu ni viwili. Kimoja kinastahimili moto na kinamjua adui fulani tu. Hiyo ndiyo tunayoiita leo kingamwili. Cha pili kinaharibiwa na moto, kimo katika kila damu, na hakimjui adui mahsusi. Chenyewe kinapiga pale kinapoonyeshwa. Mwaka 1898 akaonyesha kwamba hivyo hivyo viwili vinaweza kupasua hata chembe nyekundu za damu. Kwa kazi hizi alipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1919. Na kwa wapenda historia ya kwetu: mwaka 1897 Bordet alikuwa Transvaal katika utafiti wa sotoka, gonjwa lile lile lililokuwa limefyeka ng'ombe wa Wamaasai na wafugaji wengine wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Jina la komplementi lilitoka kwa mpinzani wake, Paul Ehrlich wa Ujerumani. Maana yake ni kijalizo, kitu kinachokamilisha kazi ya kingamwili. Hapa pana kinaya ambacho sijaona kikisemwa vya kutosha. Ehrlich huyo huyo aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Aliona wanatengeneza kingamwili dhidi ya damu ya wenzao, lakini kamwe si dhidi ya damu yao wenyewe. Akasema mwili una hofu ya kujitia sumu wenyewe. Yeye alikuwa mwangalifu katika maneno yake, lakini waliomfuata waliyageuza kuwa sheria: mwili haujishambulii, basi. Kwa hiyo mtu aliyempa mlinzi jina ndiye pia ambaye maneno yake yalitumiwa kusema kwamba mlinzi hawezi kumgeukia mwenye nyumba. Wahenga wetu wangewaonya: kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo lingine lililochelewesha ni la kazi za kila siku. Mwaka 1901 Bordet na Octave Gengou walibuni njia ya kutumia komplementi kupima maambukizi, na mwaka 1906 ikatoka humo ile Wassermann, kipimo cha kaswende ambacho madaktari wa zamani wanakikumbuka. Tangu hapo, kwa miongo mingi, komplementi ikawa kitu cha kwenye chupa: seramu ya simbilisi unayoichanganya kupata jibu la kipimo. Kila maabara iliitumia. Ni wachache waliouliza inafanya nini ndani ya mtu akiwa mgonjwa. Kitu kikishakuwa chombo cha kazi, watu huacha kukiuliza habari zake.

Nyuzi zikakutana mwaka 1960, baada ya hali ya hewa kubadilika. Mwaka 1956 London na Buffalo zilitoka kazi zilizoonyesha kwamba tezi ya shingo inaweza kushambuliwa na kingamwili za mwili wenyewe. Ile sheria ikaanza kuvunjika. John Simpson, daktari wa Scotland, akakaa na kumbukumbu za wagonjwa wake wa miasthenia. Akaona mengi: tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, mara nyingi ina kasoro, wagonjwa hao hupata pia maradhi ya tezi ya shingo, na watoto wanaozaliwa na akina mama wenye miasthenia huwa walegevu kwa wiki chache kisha wanapona, kana kwamba kuna kitu kimevuka kutoka damu ya mama. Mwaka 1960 akaandika kwamba huenda ni kingamwili zinazoshambulia pale neva inapokutana na msuli.

Mwaka ule ule, New York, William Nastuk wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walipima komplementi katika damu ya wagonjwa, wakaona inapandashuka pamoja na hali ya ugonjwa: mgonjwa akizidiwa, inapungua, kana kwamba inatumika mahali. Kundi hilo hilo, Arthur Strauss akiwa mwandishi wa kwanza, likaonyesha kwamba katika seramu ya wagonjwa kuna kingamwili inayoshika msuli na kuivuta komplementi.

Basi kwa nini mambo hayakwenda mbele? Kwa sababu hakuna aliyejua kinachoshambuliwa ni nini hasa. Zile kingamwili za Strauss zilishika michirizi ya ndani ya msuli, si pale mlangoni. Walimwona askari ana panga mkononi, wakaona na damu, lakini maiti hawakuijua ni ya nani. Vipokezi vyenyewe vilikuwa bado neno tu. Hakuna mtu aliyewahi kuvishika.

Waliofanya vishikike ni wanyama. Mwaka 1963 watafiti wa Taiwan, Chang na Lee, walitenga sumu ya nyoka mmoja wa kwao inayonata kwenye vipokezi vya asetilikolini na haibanduki. Na kuna samaki wa umeme, ambao viungo vyao vya kutolea umeme vimejaa vipokezi hivyo kupita kiasi. Kwa sumu ile na samaki wale, vipokezi vikatengwa. Mwaka 1973 Jim Patrick na Jon Lindstrom wa Taasisi ya Salk, California, waliwadunga sungura vipokezi vya mkunga wa umeme. Walichotaka ni kingamwili za kutumia katika utafiti tu. Sungura wakalegea, wakashindwa kuinua vichwa. Wakapewa dawa ya aina ile ya Mary Walker, wakainuka. Miasthenia ilikuwa imetengenezwa maabara! Mwaka huo huo Douglas Fambrough, Daniel Drachman na mwenzao, huko Baltimore, wakaonyesha kwamba misuli ya wagonjwa ina vipokezi vichache mno. Mwaka 1975 Klaus Toyka na Drachman waliwapa panya kingamwili za wagonjwa, nao panya wakapata dalili za ugonjwa. Mwaka 1976 Lindstrom akapata kingamwili hizo kwa asilimia 87 ya wagonjwa aliowapima.

Sasa maiti imejulikana. Lakini panga la nani? Hapa ukazuka ubishi, na kwangu ndiyo sehemu tamu. Kingamwili inaweza kudhuru kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukaa juu ya kipokezi na kukiziba. Ya pili ni kufunga vipokezi viwili viwili, msuli ukavimeza na kuvivunja haraka kuliko kawaida. Drachman aliionyesha njia hii vizuri. Ya tatu ni kuiita komplementi.

Ili tuifahamu ya tatu, tuone jinsi inavyofanya kazi. Komplementi si kitu kimoja. Ni kundi la protini zaidi ya 30, zinaelea katika damu zikiwa zimelala. Kingamwili zikishika kitu, protini iitwayo C1 inazishika kwa mkiani. C1 inaikata C4 na C2, hizo zikiungana zinaikata C3, kisha C3 inasaidia kuikata C5. (Msishangae namba kuruka, walizipanga kabla hawajajua mfuatano wake wote.) Kipande cha C5 kinawaita C6, C7 na C8, halafu C9 nyingi zinajipanga duara kama pete, na pete hiyo inatoboa utando wa seli. Kila hatua inaamsha nyingi kuliko iliyotangulia, ndiyo maana kingamwili chache zinaweza kuleta hasara kubwa. Bakteria akitobolewa hufa. Lakini uzi wa msuli ni mkubwa, haufi kwa matundu machache. Unachofanya ni kukimega kile kipande cha utando kilichotobolewa na kukitupa mwanyani. Ndivyo ile mikunjo inavyokwisha, kidogo kidogo, pamoja na vipokezi vyake.

Ushahidi ulitoka kliniki ya Mayo, Marekani, kwa Andrew Engel na wenzake. Mwaka 1977, kwa hadubini ya elektroni, waliziona kingamwili na C3 zimekaa pamoja pale pale kwenye mikunjo ya wagonjwa. Mwaka 1980 wakaiona C9, ya mwisho katika mfuatano, tena imeganda kwenye vile vipande vilivyomegwa. Mwaka 1987 Engel na Kiichi Arahata wakaionyesha pete nzima. Askari sasa ameonekana mahali penyewe, na panga mkononi.

Wanyama nao waliulizwa. Sumu ya swila ina protini inayoimaliza komplementi ya damu. Vanda Lennon na wenzake waliitumia kwa panya mwaka 1978: wanyama waliomalizwa komplementi yao hawakupata udhaifu, ingawa kingamwili walikuwa nazo. Ni kweli Toyka na Drachman walikuwa wameona mwaka 1977 kwamba panya wadogo wasio na C5 hawakuwa na tofauti na wenzao, na wapinzani wakalishika hilo. Lakini mwaka 1988 Premkumar Christadoss akaonyesha, kwa njia ya kuwachanja panya wa ukoo mmoja wenye C5 na wasio nayo, kwamba wasio nayo hawapati ugonjwa kwa urahisi. Mimi nasoma hivi: njia zote tatu zipo, lakini inayovunja jengo lenyewe ni komplementi. Kipokezi kilichozibwa kinaweza kuzibuliwa, kilichomezwa kinatengenezwa kingine. Mkunjo uliomegwa hauna mahali pa kuweka kipokezi kipya.

Tena jambo hili linajibu swali la zamani. Madaktari walijua kwamba wingi wa kingamwili katika damu haulingani na ukali wa ugonjwa. Mtu ana nyingi na anatembea, mwenzake ana chache na yuko kwenye mashine ya kupumulia. Sehemu ya jibu ni hii: seli zetu zina walinzi wa kumzuia mlinzi, protini zilizopandwa juu ya utando kuikata komplementi njiani. Zinaitwa CD55 na CD59. Panya wasio na CD55, kazi ya mwaka 2002 ilionyesha, hudhurika zaidi kwa kingamwili zile zile. Na mwaka 2010 kundi la Jeannine Heckmann wa Chuo Kikuu cha Cape Town likaeleza wagonjwa wa Afrika Kusini ambao macho yao hayapati nafuu kwa dawa za kawaida. Tofauti ndogo katika sehemu inayoongoza jeni ya CD55 ilionekana kuhusiana na hali hiyo. Nawaomba mliangalie hilo vizuri: swali liliulizwa kwa sababu kuna daktari Afrika aliyewatazama wagonjwa wa Afrika macho yao. Boston wasingeliuliza.

Nisiifanye komplementi kuwa kila kitu. Mwaka 2001 Angela Vincent wa Oxford na wenzake waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wasio na kingamwili za kawaida wana kingamwili dhidi ya protini nyingine, MuSK. Kingamwili hizo nyingi ni za aina isiyoiita komplementi kabisa. Kwa hiyo kuna watu wawili wenye kope zile zile zilizoshuka, na dawa ya kuzuia komplementi itamfaa mmoja, mwingine haitamgusa. Kipimo cha damu kinatangulia dawa.

Sababu ya pili ya ule ucheleweshaji ilikuwa ukosefu wa chombo. Sumu ya swila huwezi kumpa mtu. Ilibidi ipatikane kingamwili ya kutengenezwa, inayoshika C5 peke yake na kuacha hatua za mwanzo zikifanya kazi. Ikapatikana, jina lake ekulizumabu, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa ugonjwa mwingine adimu, ambao chembe nyekundu zinapasuliwa na komplementi kwa kukosa wale walinzi CD55 na CD59. Ndipo ikageukia miasthenia. Majaribio makubwa ya wagonjwa 125 yalichapishwa mwaka 2017. Tuseme kweli: kipimo kikuu kilichopangwa hakikuvuka mstari wa kitakwimu, lakini vipimo vingine vilionyesha nafuu ya wazi, na Oktoba mwaka huo ikaidhinishwa Marekani kwa wenye kingamwili dhidi ya vipokezi. Zikafuata ravulizumabu mwaka 2022, inayotiwa mshipani kila wiki 8 badala ya 2, na zilukoplani mwaka 2023, ambayo mgonjwa anajichoma mwenyewe chini ya ngozi kila siku.

Kila mlinzi ukimfunga mikono, kuna mlango unabaki wazi. C5 ikizibwa, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, aina ya meningokokasi, hupata nafasi; hatari inakadiriwa kuwa mara 1,000 hadi 2,000 ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo chanjo kwanza, na hata ukichanjwa, homa yoyote ni mbio hospitali. Ndugu zetu wanaokwenda Hija wanaijua chanjo hiyo, na wale wa upande wa Sudan na Ethiopia wanaujua ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wetu wa huku anayekwenda kutembelea nyumbani alizungumze hili na daktari wake kabla ya kukata tiketi.

Halafu bei. Mwaka 2010 jarida la Forbes liliitaja ekulizumabu kuwa dawa ghali kuliko zote, zaidi ya dola 400,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2023 Ulaya iliidhinisha nakala zake za kwanza, na nakala huleta bei chini, lakini chini ya mlima bado ni mlima. Mgonjwa wa Tabora au Bujumbura haingii katika hesabu hiyo.

Hapa nataka kusema lililonisukuma kuandika. Watu wanapotetea bei hizi husema ni malipo ya ubunifu. Sikatai, kutengeneza kingamwili ile ni kazi kubwa na ya gharama. Lakini hesabuni waliochangia kabla kampuni haijazaliwa: Waefik na haragwe lao, Mary Walker na mshahara wake mdogo, Bordet na simbilisi wake, watafiti wa Taiwan na nyoka wao, sungura wa California, na wagonjwa wa Mayo waliokubali kukatwa vipande vya misuli ili vitazamwe. Maarifa haya ni shirika la ubia wa zaidi ya karne moja, na wanahisa wengi hawajawahi kuona gawio. Historia haishushi bei peke yake, lakini inamvua mwenye kuuza madai ya kwamba yote ni yake.

Na tusisubiri bei ishuke ndipo tufanye kitu. Mengi ya kumwokoa mgonjwa wa miasthenia si ya karne hii. Kumtambua mapema hakuhitaji dola 400,000. Kunahitaji muuguzi anayejua kumwambia mtu atazame juu kwa dakika moja na kuona kama kope zinashuka, kisha kumpeleka kwa daktari. Piridostigmini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa za kutuliza kinga kama prednisoloni ni rahisi, na upasuaji wa kuondoa thaimasi umefanywa tangu siku za Alfred Blalock, miaka ya 1930, nao kwa wagonjwa wanaostahili majaribio ya mwaka 2016 yaliuthibitisha. Anayekufa kwa ugonjwa huu kwetu, mara nyingi hafi kwa kukosa dawa ya C5. Anakufa kwa kuitwa mvivu mpaka siku anayoshindwa kupumua.

Kwa hiyo wenzangu mnaofundisha tiba na uuguzi, wa Muhimbili, Nairobi, Makerere na kwingineko, nawaomba jambo dogo: habari hii iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, ibandikwe ukutani kwenye zahanati. Majina ya protini yaacheni. Andikeni kope, taya, sauti ya puani, na nguvu zinazorudi mtu akipumzika. Wenye lugha nzuri zaidi kuliko yangu wasahihishe istilahi nilizotumia, hasa hilo neno komplementi, ambalo wengine wangependa tuliite kijalizo.

Naomba kutoa hoja.